Uvimbe Mmoja wa Kongosho, Majibu Mawili

SWALI: Mama yangu alikuwa akianguka alfajiri kwa sukari kushuka, akipewa chai yenye sukari anazinduka. Kinyama cha sindano kilisema uvimbe wa kongosho ni daraja la 1, Ki-67 asilimia 2. Wiki tatu baadaye akapasuliwa, majibu yakaja daraja la 2, asilimia 6. Umekua haraka hivyo, au maabara ya kwanza ilikosea?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Pole kwa kuuguza. Huenda si hilo wala lile. Uvimbe wa aina hii huitwa wa neuroendokrini, yaani wa seli zinazotoa homoni, na daraja huonyesha kasi yake ya kukua.

Ki-67 ni protini ya seli zinazojiandaa kugawanyika. Ikipakwa rangi, viini vya seli hizo huwa kahawia. Mtaalamu wa patholojia, anayesoma nyama kwa hadubini, hutafuta pale penye kahawia nyingi zaidi, akahesabu seli zisizopungua 500: zikiwa kahawia 10 ni asilimia 2, zikiwa 30 ni asilimia 6. Chini ya 3 ni daraja la 1, kuanzia 3 hadi 20 la 2, zaidi ya hapo la 3. Seli za kahawia hukaa kwa mafungu, na sindano huleta uzi tu wa nyama, hivyo hulikosa fungu kirahisi. Kosa la kweli ni kukadiria kwa jicho, au kuhesabu limfosaiti (seli za kinga), ambazo nazo hushika kahawia. Seli zilizokutwa zikigawanyika pia huhesabiwa, kwa kila milimita 2 za mraba. Hesabu hizi mbili zikipishana, daraja la juu ndilo huandikwa.

Ila sura ya seli kwenye hadubini hutangulia tarakimu. Seli za uvimbe huu hufanana, zimejipanga kwa vishada au mikanda katikati ya kapilari (mishipa midogo ya damu) nyingi, na kromatini yake, yaani chembechembe za ndani ya kiini, ni kama chumvi na pilipili manga. Rangi za protini mbili, sinaptofizini na kromogranini, huthibitisha ukoo wake wa neuroendokrini. Rangi ya insulini, kinyume na wengi wanavyodhani, haitoshi kuuita insulinoma (uvimbe unaomwaga insulini): jina hilo hutokana na dalili kama za mama, pamoja na damu yenye sukari kidogo huku insulini ikiwa juu isivyostahili. Uvimbe unaomwaga insulini mfululizo unaweza hata kushika rangi hafifu, maana ghala ni tupu.

Nyama ya kongosho ikishatolewa mwilini, vimeng'enya vyake huimeng'enya yenyewe. Kinyama kikisafirishwa kutoka Arusha hadi Moshi ndani ya maji ya chumvi badala ya formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10, yenye ujazo mara kumi ya nyama, viini huharibika na hesabu haiaminiki.

Daktari wa mama afuate daraja la uvimbe mzima. Ombeni slaidi zote mbili zisomwe na mtu mmoja, na ripoti itaje idadi ya seli zilizohesabiwa, ukubwa wa uvimbe, kingo za nyama iliyokatwa na tezi za limfu.