Kabla hujalipia apu ya vitabu vya kusikiliza

Mi vitabu navisikilizia kwenye daladala, Gongo la Mboto mpaka Kariakoo, asubuhi na jioni, na foleni ya Tazara mnaijua wenyewe. Huu mwaka wa tatu, na hela nimeshachoma za kutosha kwa hiyo ngoja niseme.

Apu yangu ya kwanza ilikuwa na ofa ya mwezi bure. Nikaweka kadi ya benki, nikasikiliza kitabu kimoja hata nusu sikufika, nikasahau. Mara naona meseji ya benki, dola zimekatwa, nikafuta apu kwa hasira nikajua yameisha, mwezi uliofuata wakakata tena! Kumbe kufuta apu siyo kujitoa jamani, unaingia kwenye akaunti unasitisha malipo hukohuko. Siku hizi nikichukua cha bure naweka alamu siku mbili kabla hakijaisha.

Halafu angalia, ukiacha kulipa vitabu vinabaki au vinaondoka? Audible kwa mfano, ulichonunua kwa krediti (ile pointi ya kuchukulia kitabu unayopata kwa uanachama) kinabaki chako hata ukisitisha, ila vile ulivyokuwa unasikiliza kwa sababu tu we ni mwanachama vinakwenda na uanachama wako. Nyingine ni kama chumba cha kupanga, kodi ikiisha unatoka. Ukiwa mtu wa vitabu vinne kwa mwezi inakulipa, mi namaliza kimoja, tena kwa kujikongoja.

Sasa bando. Faili la 64 kbps (hicho ndo kipimo cha ubora wa sauti, namba ikiwa kubwa na faili linakuwa zito) linakula kama MB 29 kwa saa, yaani kitabu cha saa 10 ni MB 290 hivi, na likiwa la 128 zidisha mara mbili. Ndo maana napakua vyote kwa wifi ya kazini Ijumaa. Apu isiyoruhusu kupakua usinipe hata ya bure, netiweki inakatika pale pale kwenye hadithi mlango unagongwa usiku na hujui nani anagonga, unabaki unamwangalia konda.

Kama huna hela kabisa anza na LibriVox, vitabu vya kusikiliza vya bure mtandaoni. Ipo tangu 2005, wasomaji ni watu wa kujitolea, na vitabu ni vya zamani ambavyo hakimiliki yake imeshaisha Marekani, kwa hiyo cha mwaka jana usikitafute. Shida ni sauti, maana kitabu kimoja wanaweza kugawana sura, ya kwanza kasoma mama mmoja safi kabisa, ya pili jamaa kama yuko ndani ya pipa. Walioko Uingereza au Marekani wana raha yao, kwa apu ya Libby na kadi ya maktaba ya mtaani unaazima bure, ila kitabu kinachopendwa unapanga foleni.

Na usimpime msomaji ukiwa kitandani. Sikiliza sampuli ukiwa garini, konda anaita, redio ya dereva iko juu. Kuna kitabu nilikipenda nyumbani, sauti nzito ya taratibu, nikapanda nacho gari nikashtukia niko Kariakoo sijasikia hata sentensi moja.