Nilianza na Okestra Kabla Sijaweza Kuandikia Watu Wanne

Muziki wangu wa kwanza niliotungia okestra ulihitaji wapigaji zaidi ya 60, na karibu wote niliwapa kazi mwanzo hadi mwisho. Nilidhani huo ndio utajiri wa sauti. Katika mazoezi ya kwanza kondakta alisimama ukurasa wa pili na kuuliza wimbo wenyewe uko wapi. Ulikuwa kwenye fluti, tena kwenye nota zake za chini kabisa, ambako inanong'ona tu, huku tromboni 3 na fidla zote zikiifunika.

Kosa lilianzia kwenye piano. Ukitunga kwenye piano, kidole kimoja kinaweza kuubeba wimbo kwa kukandamiza zaidi, na vingine vikatulia. Kwenye okestra uzito hautoki kidoleni. Unatoka kwenye ala uliyoichagua na mahali ulipoiweka. Fluti hupenya ikiwa juu. Obo, ala nyingine ya kupuliza, ikishuka chini huwa nzito, na kumwomba mpigaji aipige kwa sauti ndogo huko ni kumtesa. Haya yote nilikuwa nimeyasoma, maskini mimi, na mtihani nilifaulu.

Ndipo nikaandika kwarteti ya nyuzi, yaani muziki wa ala nne tu: fidla 2, viola na selo. Mpiga viola alipomaliza aliniuliza kwa upole kama kuna karatasi yake iliyopotea. Nilikuwa nimempa nota ndefu za kujazia nafasi, basi. Katika okestra ningeweza kumficha. Kati ya watu wanne, mmoja asiye na la kusema anaonekana mara moja.

Kwa hiyo ukiniuliza, anza na wachache. Andikia watu wawili, watatu, kaa nao chumbani, waulize pumzi inaishia wapi na ukurasa watageuza saa ngapi.

Na kazi za mwanzo usizichome. Mtunzi Brahms alisema aliharibu kwarteti zipatazo 20 kabla ya kuchapisha mbili mwaka 1873, akiwa na miaka 40. Namheshimu, ila namwiga kwa shida. Mimi namfuata zaidi Beethoven: alimpa rafiki yake Karl Amenda kwarteti, kisha mwaka 1801 akamwomba asiisambaze kwa sababu ameibadilisha sana, kwani ndiyo kwanza amejua kuandika kwarteti. Aliirekebisha angali na moto wake. Mimi nilingoja miaka mingi, nikaipasua ile ya okestra na kuishona upya, ikatoka safi na haina uhai. Siku hizi narekebisha tu kisichosikika au kisichopigika.

Katika toleo la zamani kuna sehemu moja ya sekunde 20 hivi ambayo bado naipenda: klarineti na selo peke yao, wengine wote kimya. Haikuwa busara. Usiku ule muda ulikuwa umeniishia, sikuwahi kuwaandikia wengine.