Usilipie mzigo kwa orodha ya zamani, nililipa mimi inatosha

Mkuu, simama hapo hapo. Usitume hela. Umeandika unafungua duka la viuatilifu karibu na soko la Kilombero hapa Arusha, muuzaji wa jumla kakurushia WhatsApp orodha ya dawa zilizosajiliwa ya 2019, unauliza kama inatosha, mtaji uwe kiasi gani, na rafu ziwe za mbao au za chuma. Nimeona hiyo 2019 tumbo likanikata.

Mimi nilikuwa na ya 2018. Fotokopi, nikaipiga leminesheni, nikaitundika juu ya kaunta yangu Usa River kama cheti cha ndoa. Mzigo ukija naangalia jina la dawa, lipo, nalipa. Mwaka 2022, msimu wa nyanya, wakulima wa Ngarenanyuki wanalia na kantangaze, yule mdudu anayemaliza nyanya, kijana mmoja wa mauzo akaniletea katoni 11 kwa bei ya kutupa. Nikamuuliza, siku hizi wasajili wa dawa si TPRI (ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu pale Ngaramtoni) tena ni TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), orodha haijabadilika? Akasema, "Kaka, ni walewale wa Ngaramtoni, wamebadilisha kibao tu getini." Nikacheka naye. Nikamnunulia na soda. Soda, wakuu!

Kibao tu! Ile ni Sheria ya Afya ya Mimea, Na. 4 ya mwaka 2020. Ndiyo iliyoanzisha hiyo mamlaka mpya, TPHPA, TPRI ikaingia humo pamoja na watu wa afya ya mimea waliokuwa wizarani. Na hata sheria isingebadilika, usajili wa dawa una mwisho wake kama bima ya gari. Dawa iliyokuwa halali 2018 inaweza kuwa imeshakufa na lebo bado inang'aa.

Mkaguzi alikuja Jumanne, mama mpole tu. Hakugusa rafu. Alisoma kwanza orodha yangu ukutani, akaniuliza, "Hii umeweka mapambo?" Kisha akachukua chupa, akapitisha kidole kwenye lebo mpaka kwenye namba ya usajili, ile inayoanza na IN kwa dawa za wadudu (za ukungu ni FU, za magugu HE), akaitafuta kwenye orodha yake. Akarudia. Akanigeuzia simu nitafute mwenyewe. Nikatafuta kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Namba haikuwepo.

Katoni zote 11 zikafungwa utepe. Kuuza siruhusiwi, kumwaga siruhusiwi, na kuteketeza viuatilifu si kuchoma magunia nyuma ya nyumba. Gharama ikawa yangu. Nilikuwa nimekopa VICOBA kununua ule mzigo. Mke wangu hadi leo akitaka kunifunga mdomo anasema "kibao tu". Yule kijana simu yake haipatikani, nahisi kahamia mwezini na soda yangu.

Kwa hiyo sikia: namba, siyo jina. Jina moja linaweza kubebwa na kampuni mbili zenye viwango tofauti vya kiambato. Shika chupa yenyewe, soma namba, kampuni na kiwango, linganisha na orodha ya sasa ya mamlaka siku hiyohiyo unayolipa. Uko Arusha bwana, Ngaramtoni ni nauli ya daladala! Wenzako wa Songea wangekuonea wivu. Na usimsikilize mzee atakayekwambia dawa fulani "tumeitumia miaka yote". Endosalfani, dawa ya wadudu, nayo ilitumika miaka kibao kwenye kahawa, mwaka 2011 ikaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali sumu zinazodumu kwenye mazingira, na bado kuna wazee wanakuja kuniulizia.

Ukitaka kuuza na kostiki soda ya watengeneza sabuni, huko ni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, sheria nyingine kabisa, usichanganye makaratasi.

Mtaji na rafu watakujibu wengine, chai yangu imeshapoa. Wewe piga picha lebo za huo mzigo, namba isomeke, uzitupie hapa kabla hujalipa.