Kamba ya nanga: mara 5 mpaka 7 ya kina

Kuna anayeuliza kama kamba ya nanga yenye urefu wa kina cha maji na kidogo juu yake inatosha. Hapana, haitoshi, hata kama mnasimama nusu saa tu kuvua. Achia mara 5 mpaka 7 ya kina, na hicho kina unahesabu kuanzia pale kamba inapotokea mbele ya boti mpaka chini kabisa, sio kuanzia usoni mwa maji, halafu uongeze na maji yatakayojaa mkiwa bado mmetulia hapo. Mfano maji mita 4, mbele ya boti mita 1, yatajaa mita 2 zaidi, jumla 7, kwa hiyo kamba ni mita 35 mpaka 49, ndo hivyo. Nanga inashika ikivutwa kwa ulalo, ukiivuta kwenda juu inang'oka, na ndo maana watu wanaweka kipande cha mnyororo kati ya nanga na kamba, uzito wake unailaza. Mi nikishatia naangalia vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, tuseme mti na nyumba, vikianza kuachana wakati upepo haujageuka, naishika kamba kwa mkono, ikitetemeka na kushtukashtuka nanga inakokota. Ila mkiwa boti mbili tatu za washkaji tieni nanga mkiwa mmeachana mbali, boti yenye kamba ndefu inazunguka eneo kubwa. Na usifunge kamba nyuma kwenye injini aisee, wimbi linaingia ndani.