Joto la tabaka la chini: kwa anayeanza kuchapisha 3D kwa metali iliyoyeyuka

Wengi wanaoniuliza kuhusu printa ya metali, mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, wanatoka kwenye printa za plastiki. Printa yao wanaijua nje ndani, na wanachotaka ni kichwa kipya tu: nozeli (mdomo wa kutolea metali) inayohimili joto, waya wa alumini badala ya plastiki, basi. Wanaamini ugumu uko kwenye kuyeyusha. Lakini alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na mafundi wanaosubu masufuria wanaifikisha huko kila siku kwa mkaa na feni. Ugumu wenyewe ni kulifanya tabaka la pili liungane na la kwanza.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio la mezani. Chukua waya wa lehemu ya risasi na bati usio na fluksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika), yeyusha tone moja juu ya kipande cha kigae, liache lipoe kabisa. Dondosha tone la pili juu yake. Litakaa pale linang'aa, na utadhani limeshika. Lisukume kwa ncha ya bisibisi: linabanduka zima, na chini yake utakuta limechukua umbo la mgongo wa tone la kwanza. Hakuna kilichoyeyuka pale. Vipande viwili vya metali ileile vikigusana, joto la mpaka wao huwa karibu na wastani. Tone la nyuzi 300 juu ya lenye nyuzi 25 linakupa kama 160, na lehemu hiyo huanza kuyeyuka kwa 183. Piga hesabu hiyohiyo kwa alumini ya nyuzi 750 juu ya tabaka lililopoa: hufiki hata 400. Ukilipasha la chini hadi 500, tone la 820 ndilo linalokufikisha 660.

Kwa hiyo pasha meza, lakini usidhani umemaliza. Tabaka za mwanzo hupoteza joto haraka kwa sababu ziko karibu na meza. Kitu kikirefuka, joto hukosa njia ya kutoka, likajikusanya juu, na kuta zinaanza kulegea na kumwagika pembeni. Mpangilio uliofaa kwenye tabaka la tatu utaharibu la thelathini. Pima joto la tabaka lenyewe, tena kabla ya kuweka kila tabaka jipya, na uiache mashine isubiri inapobidi.

Kuna tatizo jingine. Alumini iliyoyeyuka hutiririka kwa urahisi kama maji, lakini mvutano wa uso wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa maji. Haitoki kama uzi. Inajikunja kuwa matone. Tena hewa ikiigusa tu, inavaa ngozi ya oksidi isiyoyeyuka hadi nyuzi zaidi ya 2,000, na ngozi hiyo inazuia muungano. Nozeli ya chuma nayo inaliwa polepole na alumini yenyewe. Ndiyo maana kampuni ya Vader ya jimbo la New York, iliyonunuliwa na Xerox mwaka 2019, iliyakubali matone na kuyarusha kwa msukumo wa sumaku. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, mwaka 2024, walionyesha njia tofauti kabisa: kumimina alumini ndani ya kitanda cha shanga ndogo za kioo, wapate kitu kikubwa kwa dakika chache na wavumilie uso wenye kukwaruza. Napenda uamuzi huo. Walichagua cha kupoteza.

Kwako wewe unayeanza, ningeshauri mashine ya kuchomelea ya migi (MIG, inayosukuma waya yenyewe na kuukinga kwa gesi) iliyofungwa juu ya fremu inayotembea. Chuo cha Michigan Tech kilionyesha mwaka 2013 kwamba inawezekana kwa chini ya dola 2,000. Moto wa umeme unaliyeyusha tabaka la chini wenyewe, na gesi inazuia hewa. Tumia waya wa chuma wa milimita 0.8, bamba nene la chini lililobanwa vizuri lisipinde, na ugeuze mwelekeo kila tabaka, kwa sababu mwanzo wa mshono hutuna na mwisho wake huzama. Nyaya za kompyuta ziweke mbali na kebo ya kuchomelea. Acha milimita mbili au tatu za kukata baadaye kwenye lezi (mashine ya kukerezea metali).

Unyevu usiuchezee hata kidogo. Tone la maji likinaswa chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke, hutanuka kama mara 1,700, na metali inaruka usoni. Kila kinachogusana na metali iliyoyeyuka kikaushwe kwa joto kwanza. Mabati yaliyopakwa zinki yasikaribie kazi hii.

Kipande chako cha kwanza kisiwe cha kuonyesha watu. Kikate katikati kwa msumeno wa chuma, kipige tupa, kisha msasa laini, ukiangalie kwenye mwanga wa pembeni. Vitundu vya mviringo ni gesi: kagua ukavu wa waya na mtiririko wa agoni, ile gesi inayozuia hewa. Ukiona mstari mweusi kati ya tabaka, ongeza joto la chini kabla hujagusa la juu.