Jibu: Kurudi kazini huku mtoto akiendelea kunyonya

Salaam, dada. Umeuliza utawezaje kuepuka maziwa ya kopo, ilhali siku zako 84 za likizo ya uzazi zinakwisha na ofisini hakuna friji.

Kabla ya kununua pampu, zungumza na mwajiri, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka akuruhusu kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wangu alikubali niutumie kukamua, nami nilikamua kwa mkono, nikahifadhi maziwa katika chupa safi ndani ya kasha lenye barafu. Usiyaache mezani, maana hudumu saa 4 tu katika joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wa Dar es Salaam huupita mpaka huo. Katika friji ya nyumbani hukaa siku 4.

Dada wa kazi ayapashe ndani ya bakuli la maji ya moto, wala asiyabandike motoni, kisha amnyweshe mtoto kwa kikombe. Anza mazoezi wiki mbili kabla: siku ya kwanza nilipata vijiko viwili, nikalia bure.