Seli ya 5CB ina mabaka: kagua kioo kabla ya kulaumu fuwele kioevu

Mkuu, umeuliza kwa nini seli yako (vioo viwili vyenye fuwele kioevu iitwayo 5CB katikati) inaonyesha mabaka na nyuzinyuzi kati ya polariza (vichujio vya mwanga) mbili zilizokingamana, ilhali vioo vyote viwili umevisugua. Molekuli iliyogusa kioo ndiyo inayoamua mlalo, nyingine zinaifuata jirani kwa jirani. Kwa mwanya wa mikromita 10, kasoro ya usoni utaiona seli nzima.

Osha vioo kwa sabuni, suuza sana kwa maji yaliyosafishwa, kisha asetoni na isopropanoli. Maji yatandae juu ya kioo kama utando. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia.

PVA, polima ya kupaka kioo ili isuguliwe: gramu 1 kwa mililita 100 za maji, koroga kwenye nyuzi 80 hadi 90 mpaka iyeyuke yote, ichuje. Imwage kidogo juu ya kioo, kizungushe mizunguko 3000 kwa dakika, sekunde 30, halafu oka nyuzi 110 kwa saa 1. Baada ya hapo maji yasiiguse tena, itayeyuka.

Kusugua ni kwa veluti safi, upande mmoja tu, mara 10 hivi, mkono mwepesi. Ukikandamiza unachuna utando, na vumbi lake ndilo linalozaa zile nyuzinyuzi. Mwaka 1972 mwanafizikia Berreman alieleza kwamba hata mifereji midogo ya usoni peke yake inatosha kulaza molekuli, kwa kuwa kuikatiza kunazilazimu kupinda. Kwa PVA, mimi naona minyororo ya polima iliyonyooshwa na veluti ndiyo inayofanya kazi kubwa. Unganisha vioo mielekeo ya kusugua ikitazamana kinyume.

Sasa kujaza, na hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri. 5CB ikiingia kwenye joto la chumba tayari ni nematiki, yaani molekuli zake zimeshajipanga upande mmoja: mkondo unaziburuta molekuli, na uso unaweza kushika alama hiyo. Pasha seli na 5CB hadi nyuzi 45, weka tone ukingoni, liache livutwe na mwanya lenyewe. Kisha poza nyuzi 1 kwa dakika mpaka upite 35, inapogeuka nematiki.

Zungusha seli kati ya polariza: giza kwenye pembe ya 0, mwanga mkali kwenye 45, giza tena kwenye 90. Ikibaki giza pembe zote, molekuli zimesimama wima. Shuku mabaki ya sabuni. Mabaka yakiwepo, pasha tena upoze polepole. Yakirudi palepale, tatizo ni kioo. Yakihama au kupungua, ulipoza haraka mno.